Chungu cha Maharage na Uhai wa Misitu

Misitu inapotoweka, lawama humwangukia mchoma mkaa. Ni kweli kwamba shoka ni lake. Lakini mkaa hauchomwi pasipo mnunuzi, na kiasi kinachonunuliwa mjini hutegemea kinachopikwa na namna kinavyopikwa. Kwa hiyo hifadhi ya misitu yapasa itazamwe pia jikoni.

Maharage ni mfano ulio wazi. Ni chakula bora chenye protini nyingi, na bei yake aghalabu ni nafuu kuliko ya nyama. Hata hivyo, maharage makavu yasiyolowekwa huweza kukaa motoni saa 2 au zaidi. Muda huo wote jiko hula mkaa, na mkaa una deni kubwa porini: katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa kwa kawaida hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni. Karibu na Dar es Salaam, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, imelipa deni hilo kwa kupoteza miti mingi.

Sayansi haimtaki mwananchi aache maharage. Humshauri ayaloweke usiku kucha, ili maji yailainishe mbegu kabla moto haujawashwa. Yakiisha kuchemka barabara, sufuria ifunikwe na moto upunguzwe. Kwani maji yanayochemka, huko pwani, hubaki kwenye nyuzi 100 hivi za Sentigredi. Mkaa unaoongezwa hapo huzidisha mvuke tu, hauzidishi joto la maji.

Lakini si haki mzigo wote atwikwe mpishi. Maharage yaliyokaa muda mrefu katika ghala lenye joto na unyevu huwa magumu na huchelewa kuiva, wala mnunuzi hawezi kulitambua hilo kwa urahisi sokoni. Kadhalika, aina za maharage hutofautiana: baadhi huiva upesi, na sifa hiyo huweza kurithishwa kwa njia ya uzalishaji wa mbegu. Mkulima huulizwa amevuna magunia mangapi kwa eka; ni nadra aulizwe maharage yake huiva kwa dakika ngapi. Muda wa kuiva yapasa upimwe kama yanavyopimwa mavuno na ustahimilivu wa magonjwa, kisha utangazwe kwa mkulima na kwa mnunuzi.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema. Lakini gesi na umeme navyo hununuliwa, na familia iliyopungukiwa hurudi kwenye mkaa. Mbegu iivayo upesi huipunguzia familia hiyo gharama, liwe jiko lake la mkaa, la gesi au la umeme. Mtafiti apunguzaye saa 1 ya moto chini ya chungu cha maharage ameutumikia msitu kama autumikiavyo mpanda miti.