Kimo cha Mtoto na Mpira wa Kikapu

Wapo wazazi, hapa Gitega na kule Muyinga, wanaowazuia watoto wao wafupi wasijiunge na mpira wa kikapu kwa hoja kwamba mchezo huo ni wa warefu. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Pete hufungwa mita 3.05 juu ya ardhi, na mwenye kimo huikaribia pasipo taabu. Lakini kabla ya mpira kufika huko, sharti uendeshwe chini, na huko chini mambo ni mengine.

Mpira ukiachwa uanguke wenyewe kutoka kimo cha sentimita 110, hutumia karibu nusu ya sekunde kugusa ardhi. Kutoka sentimita 70, hutumia sekunde 0.38 hivi. Mchezaji huusukuma, kwa hiyo muda hupungua kwa wote wawili, ila mpira wa mrefu hubaki mbali na mkono kwa muda zaidi, na ndio muda anaoungojea mnyang'anyi. Mrefu hana budi kukunja magoti, jambo linalochosha mapaja. Fidia yake ni vidole virefu, kwani mpira huongozwa kwa vidole, si kwa kiganja.

Muggsy Bogues wa Marekani, mwenye mita 1.60 tu, alicheza misimu 14 katika ligi ya NBA kuanzia 1987. Msimu wa kwanza alikuwa timu moja na Manute Bol, Mdinka wa Sudan mwenye mita 2.31, picha yao wakiwa bega kwa kiuno ingali yachekesha! Lakini Magic Johnson, mwenye mita 2.06, ndiye aliyekuwa mchezeshaji wa timu yake, kazi ambayo kwa desturi hupewa wafupi.

Linalonisumbua zaidi ni umri wa balehe. Mtoto anaporefuka ghafla, viungo humzidi akili ya mwendo kwa muda, akawa anapoteza mpira aliokuwa akiumudu. Mwalimu asiye na subira humsimamisha chini ya pete, asiguse tena kazi ya kuendesha mpira. Miaka miwili baadaye wenzake wamemfikia kimo, naye hana kimo cha kujivunia wala ufundi. Huo, kwa maoni yangu, ni udhalimu mkubwa kuliko ule wa kumkataa mfupi.

Tena tuangalie mpira wenyewe. Wa wanaume, namba 7, una mzingo wa sentimita 76 hivi. Wa watoto, namba 5, karibu 70. Mtoto wa miaka tisa akipewa ule mkubwa huupiga kwa kiganja kizima, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa. Shule ikinunua mmoja tu, aghalabu hununua mkubwa.

Nyumbani, ua wa udongo mgumu uliofagiwa watosha. Dakika 10 kila jioni, magoti yamekunjwa, macho mbele, mkono wa kushoto ukitangulia kwa atumiaye wa kulia. Mabinti pia, baada ya maji kutekwa, na kaka zao wakiwa wamesaidia kuyateka.