Njia ikihama, muji unabaki na nini?

Mukuba wa Katanga haukungoja makamyo ili ufike baharini. Baba yake M'siri, Kalasa, alitoka Unyamwezi kuja huku juu ya kutafuta mukuba. Kisha mwana akajenga Bunkeya, na kutoka kule mukuba, pembe za tembo na, tuseme wazi, watumwa, walitembezwa mupaka pwani zote mbili: magharibi Benguela, mashariki Bagamoyo, ng'ambo ya Zanzibar. Ni ile Bagamoyo tunataka kuzungumza nanyi leo, batata na bamama wa migodi.

Kule haiko sawa hapa. Sisi tuko juu, karibu metre 1.200, na mwezi wa juni tunavaa makoti. Bagamoyo ni joto na unyevu mwaka muzima. Sisi tuna mvua moja. Wao wana mbili, masika kuanzia machi mupaka mei, na vuli mwisho wa mwaka. Upepo njo ulikuwa treni yao. Kaskazi, kuanzia desemba, ililetea majahazi ya Arabuni na India. Kusi, kuanzia aprili, iliyarudisha. Wapagazi nao walihesabu mvua, juu wengi walitaka kurudi kwao kulima. Kwa kupima upepo na mvua hivi, muji ule ulikula vizuri miaka mingi: vitambaa, shanga na baruti vilipanda bara, pembe zikashuka.

Halafu Wadachi wakaja. Waliweka makao yao Bagamoyo mwaka 1888, lakini maji ya kule ni mafupi na meli kubwa zilitia nanga mbali. Mu 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Mu 1905 wakaanza njia ya treni, na mu 1914 ikafika Kigoma. Vita vya Abushiri viliuumiza Bagamoyo, ni kweli, lakini haviko vita vilivyomaliza biashara yake. Njia ilihama tu. Milango ya kuchongwa ingali kule mupaka leo, na wavuvi wako. Mizigo inapita kwingine.

Kwa nini tunayasema haya Lubumbashi? Juu hata sisi tulizaliwa na njia. Reli ya kutoka kusini ilifika hapa 1910, na muji ukaanza. Leo mukuba unatoka kwa kamyo, Kasumbalesa, Zambia, kisha Dar es Salaam ao Durban. Lakini ile reli ya Lobito, iliyofungwa na vita vya Angola kuanzia 1975, sasa inaamshwa. Inatoka Kolwezi, inapita Dilolo, inashuka bahari ya magharibi. Haipiti hapa. Haipiti Kasumbalesa.

Hatuikatai. Njia fupi ni faida, na shofere anayelala siku nyingi mu foleni hatalilia foleni. Tunauliza tu: mama anayeuzia bashofere bukari, fundi wa mapineu, kijana wa déclaration, wenye nyumba za kupangisha, watafanya nini? Mwaka 2003 Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10.000. Jamaa za Kipushi na Likasi zinajua nyumba inakuwaje mushahara ukikatika na hakuna kitu kingine kilichotayarishwa.

Kwa hiyo serikali ya provinsi iseme sasa, haiko kesho: reli ya Lubumbashi mupaka Kolwezi itatengenezwa lini, ili karakana za hapa zipate kazi? Na kuna feza. Code minier ya 2018 inapatia provinsi 25% ya redevance ya migodi, na 15% inaenda kwa commune ao chefferie yenye mugodi. Ni ngapi ziliingia, na zilijenga nini: shamba gani la mahindi, shule gani ya ufundi? Tunaomba karatasi ile ibandikwe ku mulango wa kila commune, kwa Kiswahili, mbele ya mvua ya novemba.