AIBU ISIWE NGAO YA MARADHI

Taifa hili lilipopata uhuru mwaka 1961 lilitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Miongoni mwa maradhi yako ambayo hata leo hutajwa kwa kunong'ona tu, nayo ni magonjwa ya zinaa. Sisi twaamini kuwa kunong'ona huko ndiko kunakoyapa nguvu.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa kila siku hutokea maambukizo mapya zaidi ya milioni 1 ya kaswende, kisonono, klamidia na trikomona. Yote manne yana dawa. Kaswende ikiwahiwa mapema huponywa kwa sindano ya penisilini.

Lakini twaona nini mitaani? Bwana akiona usaha humwendea muuza dawa wa kichochoroni, akanunua vidonge viwili vitatu, na akipata nafuu hunyamaza. Mkewe hamwambii neno. Naye mke, kwa kuwa wengi wenye magonjwa haya hawaoni dalili yoyote, hukaa na ugonjwa mwilini bila kujua. Si muda mrefu bwana huambukizwa tena, akailaumu dawa. Kosa si la dawa. Kosa ni kumtibu mmoja katika wawili. Tena dawa za kubahatisha huuzoesha ugonjwa. Kisonono kimekwisha kuzishinda dawa nyingi za zamani.

Alipaye deni la siri hiyo mara nyingi ni mtoto. Kaswende ya mama isipotibiwa huweza kumfikia mtoto tumboni, akafa kabla ya kuzaliwa au akazaliwa mgonjwa. Ndiyo sababu damu ya mama mjamzito hupimwa kliniki. Twampongeza mama awahiye kliniki. Lakini twauliza: baba yuko wapi?

Wenye shaka na waukumbuke Mkoa wa Mwanza. Huko, kati ya mwaka 1991 na 1994, watumishi wa zahanati na vituo vya afya vya kawaida vijijini walifundishwa kutibu magonjwa haya, dawa zikapelekwa bila kukatika, na wananchi wakahimizwa kuwahi matibabu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi kuliko mahali ambapo mpango huo haukuwa umefika. Ndivyo ilivyo, kwani kidonda cha zinaa ni mlango wazi kwa virusi hivyo.

Kwa hiyo kila mmoja ana wajibu wake. Wakuu wa afya wahakikishe dawa haziishi zahanati. Waganga na wauguzi watunze siri za wagonjwa, wala wasiwakaripie. Kijana akaripiwaye leo kesho hatarudi, bali atarudi kichochoroni. Nasi wananchi tuwe waaminifu katika ndoa. Asiye na hakika ya mwenziwe atumie mpira. Na aliyeugua aende hospitali pamoja na mwenziwe, wamalize dawa wote wawili, na wasikutane kimwili mpaka mganga awaruhusu.

Kwenda kutibiwa si fedheha. Fedheha ni kumwambukiza mwenzio hali wajua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tusingoje kuumbuliwa.