Wacheni piano, kitabu kiko na sauti yake

Tuambiane ukweli, wasee. Kitabu kikigeuzwa muvi, ubishi ni uleule: mbona walikata ile sura, mbona huyu dem hafanani na vile nilimwaza. Karibu hakuna anayeuliza swali ambalo kwangu ni kubwa zaidi: hii muvi inasikika aje?

Riwaya haina spika, lakini ina sauti. Ni ile ya mwandishi, inayokusimulia kichwani ukiwa umejilaza na kitabu. Muvi ikianza, sauti hiyo inakatwa, na lazima kitu kishike nafasi yake. Wavivu huweka piano. Mtu akifa, piano. Wapenzi wakiachana, piano. Huko ni kunishika mkono nikivuka barabara isiyo na gari.

Cheki No Country for Old Men. Cormac McCarthy alitoa riwaya 2005, ndugu Joel na Ethan Coen wakatoa muvi 2007. McCarthy anaandika kavu, hata alama za kunukuu wahusika haweki. Hao ndugu wakamwelewa: karibu muvi nzima haina muziki. Kuna pahali Moss amejifungia kwa chumba cha hoteli na begi la pesa. Anapigia mapokezi simu. Tunaisikia ikilia huko chini, hakuna anayeshika. Halafu vishindo vya viatu koridoni. Kivuli chini ya mlango. Taa inazimwa. Hapo ndio unagundua umeacha kupumua. Ongeza violini na uoga unaisha, maana violini inakukumbusha ni muvi tu.

Halafu kuna The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, 2023. Kwa riwaya ya Martin Amis ya 2014, wasimulizi ni watatu, mmoja wao mfungwa Myahudi anayelazimishwa kushughulikia maiti za wenzake. Glazer aliwaondoa wote. Tunaona tu familia ya mkuu wa kambi ya Auschwitz: bustani, watoto, chakula mezani. Kambi iko nyuma ya ukuta na mauaji hatuyaoni. Tunayasikia. Risasi, mayowe, mbwa, mngurumo wa tanuri, huku mama akionyesha mtoto maua. Familia imeshazoea. Kinachotisha ni kwamba baada ya muda, wewe pia unaanza kuzoea. Ilishinda Oscar ya sauti 2024, na ilistahili.

Sasa msiseme nachukia muziki. The Constant Gardener ya 2005, kutoka kwa riwaya ya John le Carré, ilipigwa hapa Kenya, hadi Kibera. Ndani yake kuna "Kothbiro", yaani mvua inakuja, ya Ayub Ogada, kwa Dholuo na nyatiti. Huo wimbo haukulazimishi kulia. Unakuonyesha uko kwa nani.

Na hapo ndipo hii stori inatuhusu. Vijana wengi mtaani wanashuti vitabu teule kwa simu, na wengine wanaota kuweka The River and the Source kwa skrini siku moja. Poa sana. Lakini wengi ninaowaona wananunua taa kwanza, maiki baadaye kama pesa itabaki. Halafu wanatoa muziki wa bure kwa intaneti, uleule wa matangazo ya biashara. Hadithi ya Kisumu inaanza kusikika kama Los Angeles. Maneno ya mwandishi yatakuwepo yote, lakini kwao na kwetu hakutasikika.

Kwa hivyo kabla uguse kamera, soma kitabu tena na kalamu mkononi. Andika kila kitu kinachosikika ndani: mvua kwa mabati, kuku, makanga akiita abiria, jirani akizozana na bibi yake. Enda ukarekodi hizo kwanza. Kama bado utahitaji piano baada ya hapo, sawa, lakini iwe ya mwisho kwa foleni.