Kabla ya gasketi ya tatu, tafuteni kioo

Vijana wangu wa Kivukoni, majaruba yanasubiri lakini pawatila imesimama: gasketi ya silinda hedi imeungua. Mnanunua nyingine, nayo inaungua. Kama nati zilikazwa sawasawa, mimi nasema acheni kulaumu gasketi. Huenda hedi imepinda, na bila kitu kilichonyooka hamtajua.

Meza ya chuma ya kupimia ni ghali. Nendeni kwa fundi wa madirisha, ombeni kipande cha kioo cha milimita 10 au 12. Kioo cha kisasa humiminwa juu ya bati lililoyeyuka, ndiyo maana kimenyooka. Kilazeni juu ya ubao mnene uliotulia, maana nacho hupinda.

Toeni valvu, safisheni hedi. Pakeni kioo masizi na oili, nyembamba kabisa, kisha sugueni hedi juu yake kidogo. Pasiposhika masizi ndipo penye bonde. Bonde dogo huondoka kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo hichohicho. Kubwa lipelekeni kwa fundi mchongaji. Osheni vumbi lote kabla ya kufunga.

Kikundi kizima kipande kimoja kinatosha. Jaruba lisilolimwa kwa wakati ndiyo hasara yenyewe.