Ukiona Ndala Mlangoni mwa Bafu, Usimsingizie Mchawi

Pale Sumbawanga mjini kuna kijana mmoja ana jina mtandaoni. Jina lake linahifadhiwa, ila wanaomfuatilia wameshamjua. Anauza nguo za mtumba gredi ya kwanza, anajua kupiga picha, na amemaliza nyumba yake maeneo ya Kizwite akiwa bado hajafika hata miaka thelathini. Video ya bafu lake ilitembea balaa. Tailizi nyeusi mpaka darini, kioo chenye taa pembeni, na juu kabisa shawa nyeupe ya umeme. Komenti zikawaka: "Hapo ni Sumbawanga au Dubai?"

Kitu ambacho video haikuonyesha ni jozi ya ndala za bluu nje ya mlango wa bafu. Ndala zile hazikuwekwa kwa ajili ya usafi. Ziliwekwa kwa ajili ya shoti.

Kwa miezi mingi dada wa kazi wa nyumba ile alikuwa anasema kitu kimoja tu: "Anti, bomba linanitekenya." Na mke wa kijana alikuwa na jibu moja tu: "Vaa ndala." Akivaa, mtekenyo unapungua. Akisahau, akigusa koki ya chuma mkono unaruka wenyewe. Shawa nayo ilikuwa na vituko vyake. Wiki mbili maji ya moto, wiki ya tatu ya baridi, halafu inatoka harufu ya plastiki kuungua. Ikiungua, jamaa anaingia dukani ananunua nyingine. Ndani ya mwaka mmoja alifunga shawa tatu.

Kisha mama yake mzazi akaja kusalimia kutoka Laela. Hakuna aliyekumbuka kumwambia habari za ndala. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ile ya Ufipa inayogonganisha meno. Mama akaingia bafuni, akashika koki, akarushwa mpaka ukutani. Mungu ni mkubwa, alitoka na mkono uliovimba na hofu tu. Lakini kabla jua halijapanda vizuri mtaa ulishatoa hukumu: huo ni mkono wa mtu. Kijana mdogo, nyumba nzuri, wenye wivu wamemtumia kitu.

Hapo ndipo stori inapoacha kuchekesha.

Kila Mtanzania anaujua utani wa Sumbawanga. Jina lenyewe kwa Kifipa huelezwa kuwa linamaanisha "tupa uchawi", ila watu wa mikoa mingine wameligeuza, kila radi ikipiga sehemu yoyote nchini utasikia inasingiziwa Sumbawanga. Watu wa huko wana haki ya kuuchoka utani huo. Ila haki hiyo inapungua pale wenyewe wanapoutumia kufunika waya uliokatwa. Mchawi ndiye fundi wa bei rahisi kuliko wote: haji na testa, hatozi hela ya ufundi, na hakuna anayemuuliza leseni.

Ukweli wa shoti ile ni huu. Shawa nyingi za umeme zinazouzwa madukani ni za ule muundo uliotokea Brazil, ambao elementi yake iko uchi ndani ya maji. Maji yanapita juu ya waya wenye umeme, yanapata moto, yanashuka kichwani. Na maji ya bomba yanapitisha umeme kidogo, hiyo haina ubishi. Ndiyo maana shawa inatoka kiwandani na waya wa tatu, wa kijani au wa kijani na njano. Huo ni ethi. Kazi yake ni kuuchukua umeme unaovuja na kuupeleka ardhini kupitia rodi iliyozikwa nje ya nyumba.

Sasa hatari iko hapa: ukiukata waya wa ethi, shawa inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Maji yanachemka, taa inawaka, video inapendeza. Tofauti ni kwamba umeme unaovuja umekosa njia, kwa hiyo unamsubiri mtu. Anayeshika koki ya chuma akiwa amesimama kwenye sakafu yenye maji, njia inakuwa ni yeye. Ndala haziondoi umeme huo, zinaupa ugumu kidogo wa kupita miguuni. Siku ndala zimelowa, au mkono wa pili umegusa ukuta wenye maji, kwisha habari.

Baada ya mama kuanguka aliitwa fundi mwingine, mzee mmoja mwenye leseni ya EWURA. Hakukimbilia shawa. Alizima mein swichi, akapima kwa testa kuhakikisha umeme umekata kweli, ndipo akapanda ngazi. Alichokikuta kinasikitisha. Waya wa ethi umekatwa na kuzungushiwa selotepu. Waya wa umeme ni wa milimita 2.5, saizi ya soketi za kawaida. Viungio vimeyeyuka vimekuwa vyeusi. Nje nako, waya unaokwenda kwenye ethi rodi ulishakatwa na watu waliopanga pevingi, wakaufunika na mawe yao mazuri.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "wewe hukuwa na shawa mbovu. Ulikuwa na waya mbovu unaokula shawa."

Hesabu yake haihitaji chuo. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 220 inavuta ampea 25. Waya wa 2.5 uliofichwa ndani ya ukuta unapata joto kwa mzigo huo, kiungio kinalegea, joto linazidi, plastiki inayeyuka. Ukinunua shawa mpya ukaifunga kwenye waya ule ule, umeahirisha tatizo kwa miezi michache. Shawa inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, wa milimita 4 kama ni karibu sana, na 6 ndiyo salama zaidi. Inataka breka ya ampea 32, na swichi kubwa ya ampea 45 iliyowekwa nje ya bafu. Mwenye uwezo achukue shawa yenye elementi iliyofunikwa, aifunge pamoja na breka ya uvujaji ya miliampea 30, ile inayokata umeme wenyewe ukianza kuvuja.

Tuwe wa kweli pia, siyo kila shawa isiyochemsha ni mbovu. Kuna dada mmoja maarufu wa Dar alienda Sumbawanga kwenye shoo, akalala gesti, asubuhi akaposti akiwa kwenye blanketi analalamika kwamba shawa za mkoani ni takataka. Wafuasi wakacheka na emoji zao. Wangejua hesabu wasingecheka.

Shawa ya wati 5,500 maji yakipita lita 3 kwa dakika inaongeza joto kama nyuzi 26 hivi. Dar maji ya tangi yakiwa na nyuzi 27 tayari, yanatoka na 53, mtu anaruka kwa kuungua. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai maji yakiwa na nyuzi 14, shawa ile ile inayatoa yakiwa na 40. Hayo ni maji matamu ya kuoga. Lakini ukifungua koki mpaka mwisho, lita 6 kwa dakika, joto linaloongezeka linabaki nyuzi 13 tu. Unaoga nyuzi 27 kwenye baridi ya Ufipa, lazima utetemeke. Dawa ni kupunguza maji, siyo kuposti.

Umeme nao una sehemu yake. Kwa miaka mingi Sumbawanga imekuwa nje ya gridi ya taifa, ikipata umeme kutoka Zambia kupitia Mbala, na mradi wa TAZA wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma umelenga kumaliza hali hiyo. Na popote pale, Rukwa au Temeke, jioni volti zikishuka mpaka 180, shawa ya wati 5,500 inabaki na kama 3,700. Hakuna kilichoharibika. Nguvu imepungua tu.

Kwa hiyo kabla ya kukimbilia dukani, kuna mambo ya kuangalia kwa mpangilio. Breka imeruka? Kama inaruka kila ukiirudisha, iache hapo hapo, usiilazimishe. Presha ya maji inatosha? Shawa hizi zina mpira ndani unaosukumwa na maji ndipo umeme uwake. Tangi likiwa chini sana, au matundu yakiwa yameziba mchanga na chokaa, haiwaki kabisa, na matundu unaweza kuyasafisha mwenyewe umeme ukiwa umezimwa. Maji yanatoka vizuri, umeme upo, ila baridi moja kwa moja? Hapo elementi imekatika. Fundi akiipima kwa mita, nzima ya wati 5,500 inasoma omu 8 au 9, iliyokatika haisomi kitu. Elementi inauzwa peke yake, huna haja ya kununua shawa nzima, ili mradi wati na volti zilingane na ya zamani.

Na ukishafunga mpya, fungua maji kwanza umeme ukiwa umezimwa mpaka shawa ijae. Ukiwasha ikiwa kavu, elementi inaungua kwa sekunde chache. Shawa nyingi zinazorudishwa dukani kwa kelele zimekufa namna hiyo, kosa la mfungaji.

Lakini kuna dalili moja isiyo na mpangilio wala subira. Ukihisi mtekenyo, hata mdogo kama wa sisimizi, shawa haitumiki tena. Zima swichi, zima breka, chemsha maji jikoni, ita fundi mwenye leseni. Na ukimkuta mtu ameshikwa na umeme, usimvute kwa mkono. Kimbilia mein swichi kwanza.

Wapo watakaosema fundi mwenye leseni ni ghali. Ghali kuliko nini? Yule kijana alinunua shawa tatu na akalipa ufundi mara tatu kwa mtu aliyekuwa anamkatia ethi kila mara. Alilipia tailizi nyeusi mpaka darini. Waya wa kijani, ambao hauonekani kwenye video, ndio alioona ni gharama. Na kwa waliopanga, hili ni la mwenye nyumba kabisa. Hawezi kuandika tangazo "nyumba ina hita" halafu ethi iwe ni juu ya mpangaji.

Sasa lile swali ambalo watu walilikwepa kwa kumtaja mchawi. Mama alipigwa mara moja, fundi akaitwa siku hiyo hiyo. Dada wa kazi alipigwa kila wiki kwa miezi, akapewa ndala. Umeme ulikuwa ule ule. Koki ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani alikuwa ameishika.

Mtu anayedeki bafu, anayefua mle ndani, anayewaogesha watoto, ndiye anayegusa ile koki kuliko mwenye nyumba. Ndiye wa kwanza kujua kuna tatizo, na ndiye wa mwisho kusikilizwa. Alisema kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba bomba linamtekenya. Angesikilizwa mara ya kwanza, mama wa watu asingegonga ukuta, na jirani asingepata wa kumsingizia.

Bafu lile sasa lina waya wa milimita 6, breka yake, na ethi iliyofungwa upya mpaka kwenye rodi. Shawa ya nne bado inafanya kazi. Kijana hakuposti hata picha moja ya matengenezo hayo, na hapo ndipo alipokosea tena, maana hiyo ndiyo video ambayo wafuasi wake wengi wangeihitaji.

Kwako vipi, ndala ziko upande gani wa mlango? Tiririka kwenye komenti. Ila kabla hujaandika kwamba kwako kuko poa, nenda kamuulize dada wa kazi.