Kapita na Kapo



Tangu somo la historia juu ya vita ya pili ya dunia, wadogo wetu wamepata jina jipya. Tukipita mu chumba cha kulala kuzima taa, wanasema pole pole: "Kapo huyo!" Halafu wanacheka ndani ya blanketi. Sisi makapita tunataka kujibu, si kwa hasira, lakini kwa kufuata jina lile mpaka kule lilikotoka.

Limetoka katika kambi za Wajerumani. Tuchukue moja, Dachau, karibu na muji wa München. Ilifunguliwa mwezi wa tatu 1933, vita haijaanza bado, kwa kufunga wapinzani wa Hitler. Kisha wakaletwa Wayahudi, Wapolandi, Warusi, Wafaransa, Wabelgiji, watu wa kila namna. Waliofungwa pale na katika kambi ndogo zake walizidi 200.000, waliokufa walizidi 40.000, kwa njaa, kazi, tifusi na risasi. Waamerika waliwafungulia tarehe 29 Aprili 1945.

Wengine watasema: hayo ni maneno ya wazungu, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Kati ya wafungwa wale kulikuwa mutu mweusi, Johnny Voste, aliyezaliwa hapa kwetu Kongo. Akiwa Ubelgiji alipigana na Wajerumani kwa siri, akakamatwa 1942, akapelekwa Dachau, akatoka muzima. Ni wangapi kati yetu walijua jina lake? Tena kuna malaria, hii tunayoijua sisi wote. Daktari Claus Schilling, mutu aliyefanya kazi Afrika wakati wa koloni, aliambukiza wafungwa zaidi ya 1.000 makusudi, apate kujaribia dawa. Kati yao walikuwa mapadri wengi wa Polonia. Alinyongwa 1946. (Watumishi wa Mungu waliofungwa Dachau walizidi 2.700, karibu wote Wakatoliki. Waprotestanti walikuwa mia moja na kidogo tu. Tuseme kweli, hata kama gazeti ni letu.)

Sasa kapo ni nani? Ni mfungwa. Askari wa SS walimuchagua, wakamuweka juu ya wenzake: ahesabu watu, asimamie kazi, apige. Malipo yake ni supu nzito kidogo, mahali pazuri pa kulala, kutobeba mizigo. Akikosa kuwapendeza, anarudishwa chini. Kwa namna hiyo askari wachache walitawala maelfu, na mkono uliopiga ulikuwa wa mwenzako.

Lakini si wote walipiga. Karl Wagner, Mjerumani mkomunisti, alikuwa mkubwa wa wafungwa katika kambi ndogo ya Allach. Mwaka 1943 aliamriwa kumupiga fimbo mfungwa wa Urusi. Alikataa mbele ya wote. Akapigwa yeye, akafungiwa gizani. Sisi tunaona kisa hicho kinapita hotuba nyingi tulizosikia juu ya ukubwa.

Basi, wadogo, shule si Dachau. Hapa baba yako amelipa ili uingie, na mwezi wa saba unarudi nyumbani. Kuita kapo mutu aliyekuandika jina kwa sababu ya kelele ni kuwatukana wale waliokufa.

Lakini na sisi makapita tusikilize. Kapita anayejichotea fufu kubwa kwanza, anayefulisha darasa la kwanza nguo zake, anayeshika fimbo wakati mwalimu hayupo, huyo amekwisha kuonja ile supu nzito. Hakuna aliyemulazimisha, hakuna bunduki mgongoni kwake. Hiyo ndiyo tofauti na kapo, na haimusaidii.

Kwa hiyo tumeandika ombi kwa Bwana Perefe: kapita asishike fimbo hata kidogo, na kila jina lililoandikwa lisomwe mbele ya wote, mwenye jina apewe nafasi ya kujibu. Makapita sita tumekwisha kutia sahihi. Wawili wangali wanafikiri.

Kapita mkuu, darasa la sita